Gauni la Elsie na Mbung'o wa Mtoni

Likizo ile ya Agosti 1954, asubuhi zangu zote zilifanana. Nilifungulia mbuzi, nikafagia mbele ya nyumba, nikanywa uji, halafu Mama akanifunga kama mzigo wa kupeleka sokoni. Alianza na mikono, kamba moja kwenye kila kifundo, ili shati lisiache nafasi. Akashuka miguuni, akanizungushia vitambaa juu ya suruali kutoka kifundo hadi chini ya goti. Mwisho alinifunika kichwa na shingo kwa kitambaa kingine. Viatu vyangu vilikuwa akala zilizokatwa kwenye mpira wa gari.

"Mama, nitashindwa kupumua."

"Utapumua huko mtoni. Geuka."

Serikali ilikuwa imeamua kwamba vichaka vya kando ya mto wetu, karibu na Pap Onditi, vifyekwe mpaka pale mto unapoingia ziwani. Ndimo mbung'o walimojificha. Mbung'o ni inzi anayenyonya damu, na baadhi yao hubeba malale, ugonjwa unaoanza kwa homa na kummaliza mtu kwa usingizi. Chifu aliagiza kila boma litoe mtu mmoja. Baba alikuwa Nakuru kwenye kazi ya reli, na Mama alikuwa na mtoto wa miezi miwili, kwa hiyo mtu wa boma letu nilikuwa mimi, Anyango, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu. Wakubwa walikata kwa panga na shoka. Sisi wasichana tuliburuta matawi ya miiba mpaka mahali pa kuyachoma.

Nguo zangu za kazi Mama alizishona kwa mifuko ya unga, ile ya kitambaa cha pamba. Aliichemsha mpaka maandishi yakatoka na kitambaa kikabaki na rangi ya maziwa. Picha moja tu ilikataa kutoka. Ilikuwa picha ya bata, na ilikaa sawasawa nyuma ya suruali yangu. Nikiinama kuokota matawi, wavulana walilia "Kwak! Kwak!" mpaka mapanga yakawaponyoka mikononi. Isitoshe, msichana kuvaa suruali siku zile kulikuwa kichekesho tosha hata bila bata.

Msimamizi wetu aliitwa Bwana Wepukhulu. Alikuwa Mbukusu mrefu, mpole, na kwa kuwa hakujua Kijaluo alisema nasi kwa Kiswahili. Kazi yake hasa ilikuwa kujua mbung'o wako wapi. Kila asubuhi alitembea kando ya mto na wasaidizi wawili waliobeba kitambaa kikubwa cheusi kilichotandazwa kwenye fito mbili. Siku ya tatu ya kazi aliniita nimshikie chupa za kutilia wadudu.

"Angalia hii kitambaa," alisema.

Hatukuwa tumefika mbali. Mbung'o mmoja alitoka kichakani akatua juu ya ule weusi, kisha wa pili, kisha sita kwa mara moja. Wasaidizi waliwanasa kwa vyavu vidogo.

"Umeona? Mbung'o anapenda kitu nyeusi. Na bluu iliyoiva, hiyo anapenda sana. Ndiyo maana mimi nabeba hii kama mtego." Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye akala. "Mama yako amekuvalisha vizuri sana. Rangi nyeupe-nyeupe, kitambaa nzito, nguo pana isiyobana mwili, maana ikibana, mbung'o anapitisha mdomo yake mpaka kwa ngozi. Mikono imefungwa, miguu imefungwa. Nguo ya kazi inachaguliwa hivyo."

Nilifikiria bata wangu.

"Kesho naenda sehemu ya juu ya mto, wiki mbili," akaendelea. "Wewe waambie wasichana wa kikundi chako. Na mtu mpya akija, mwambie siku ile ile. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana."

Na kweli niliwaambia. Haikuwa kazi kubwa, kwa sababu wenzangu wote walikuwa wamevaa vitu vikuukuu vilivyopauka. Walisikiliza, wakacheka kidogo, tukaendelea kuburuta miiba.

Siku mbili baadaye Elsie alishuka kwenye basi pale Pap Onditi.

Elsie ni binti wa Baba Mdogo Walter, aliyekuwa karani bandarini Kisumu. Tulilingana umri. Alikuwa amekuja kumaliza likizo kwetu, na aliposikia kuna kazi mtoni alifungua sanduku lake akatoa gauni. Sijasahau. Lilikuwa la bluu iliyoiva, karibu na weusi, la kitambaa kizito, na mikono mirefu yenye vifungo vitatu kila mmoja. Fundi Narendra ndiye aliyelishona, kwenye baraza la duka moja mjini, na alimpima Elsie mara mbili ili limkae vizuri mwilini. Chini yake Elsie alivaa soksi ndefu na viatu vya ngozi.

"Baba alisema nguo ya shambani lazima iwe nzito na isionyeshe uchafu," alisema. "Inafaa?"

Mama alishika kitambaa kwa vidole viwili, akakisifu. "Yawa! Hii miiba itaogopa yenyewe."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na kamba zangu na bata wangu. Nasema ukweli, wivu ulinipanda mpaka kooni. Kwa nini yeye alipimwa na fundi mara mbili, na mimi nikashonewa mifuko? Kwa nini Mama hajawahi kushika nguo yangu namna ile? Nilijua kabisa ninachotakiwa kusema. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mbung'o wakitua juu ya kitambaa cheusi. Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi.

"Inafaa sana," nilisema.

Kesho yake wavulana hawakulia kwak-kwak. Walikuwa na kazi ya kumtazama Elsie. Msichana mmoja wa kikundi chetu, jina lake Seline, alinivuta kando.

"Anyango, umemwambia ndugu yako habari ya rangi?"

"Nimemwambia," nilijibu. "Hasikii. Si unajua watu wa mjini?"

Seline alimtazama Elsie, akatikisa kichwa, akaenda zake. Uongo ule ulinitoka laini kuliko uji, nami nilishangaa jinsi ulivyokuwa rahisi.

Nilijiambia ataumwa mara moja au mbili tu, ajifunze. Nilijiambia si kila mbung'o ana ugonjwa, jambo ambalo ni kweli, na mtu mwenye wivu hupenda sana kweli ya namna hiyo. Elsie alifanya kazi kwa bidii, hata wasichana waliotaka kumdharau walishindwa. Lakini kila mara alijipiga shingoni, mgongoni, begani.

"Mbona hawa wananipenda mimi peke yangu?" aliuliza akicheka.

"Wanapenda wageni," alisema mmoja, na wote wakacheka. Nami nilicheka pamoja nao.

Siku ya tatu, wakati tumepumzika kivulini, Elsie alinisogelea.

"Anyango, nyaminwa, dada yangu, tubadilishane leo. Wewe vaa gauni langu, mimi nivae zako. Nimeona unavyoliangalia."

Nililitaka gauni lile kuliko kitu chochote kando ya ziwa. Nilijiona nimelivaa, na wale wavulana wamefunga midomo. Kisha niliona mbung'o mmoja ametulia begani pake, kimya, mbawa zake zimelaliana.

"Hapana," nilisema. "Sitaki."

"Kwa nini?"

"Sitaki tu."

Nilimpiga yule mbung'o kwa kiganja. Ni hicho tu nilichomfanyia ndugu yangu siku ile.

Baada ya siku chache Elsie alinionyesha bega lake. Palikuwa na uvimbe mgumu, mwekundu, mkubwa kama kokwa la zambarau. Nilimwambia ni mwiba umeingia. Aliniamini, akaomba nisimwambie Mama asije akamkataza kazi, na mimi kutii ombi hilo hakukunigharimu kitu.

Siku ya kumi na moja tangu afike hakuweza kuinuka kitandani. Alikuwa na homa kali, kichwa kinamgonga, na tezi za shingo zimemvimba. Mama alimbeba mtoto mgongoni, akamshika Elsie mkono, tukatembea polepole mpaka zahanati. Dresa, yaani mhudumu wa zahanati, Bwana Enos, mtu mwangalifu, alimpima joto na kumtazama macho.

"Inaonekana ni malaria," alisema. "Nitampa kwinini. Lakini Mama Anyango, huyu alikuwa mtoni. Mbung'o walimuuma?"

Mama alinigeukia. "Anyango, wewe ndiye uliyekuwa naye. Walimuuma?"

Elsie alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefungwa. Bwana Enos alishika kalamu akingoja.

"Nauliza kwa sababu malale haitibiwi na kwinini," alisema. "Inataka sindano za hospitali, na inataka mapema. Ikifika kwenye ubongo ni taabu."

Ningesema ndiyo, Mama angeuliza kwa nini aliumwa sana kuliko wengine. Angemuuliza Seline. Seline angesema nilimwambia Elsie habari ya rangi, na Elsie angesema sikumwambia.

"Sikuona," nilisema.

Tulirudi nyumbani na kwinini. Siku ya kwanza homa ilishuka kidogo, ya pili ikapanda tena, ya tatu Elsie hakuweza kumaliza hata kikombe cha uji. Mama alimtumia Baba Mdogo Walter habari kwa mtu wa basi. Mimi sikula vizuri, sikwenda mtoni, nikamaliza siku nzima nikitafuta kazi za nje ili nisiingie ndani.

Mchana wa siku ile ya tatu Mama alinituma nimpelekee maji. Elsie alikunywa matone mawili. Kisha akanyoosha mkono kuelekea ukutani, pale gauni lake liliponing'inia kwenye msumari.

"Nikirudi Kisumu nitakuachia hilo," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nitamwambia Baba limechanika. Lichukue, Anyango. Wewe ndiye unayefaa kulivaa."

Niliweka kikombe chini. Nilitoka nje. Mama alikuwa anaanika nguo za mtoto juu ya ua, na mimi nilianza kulia kabla sijamfikia.

"Amekufa?" Mama aliuliza, na nguo ikamwanguka.

"Hapana. Mama, mbung'o walimuuma. Walimuuma kila siku. Ana uvimbe begani, si mwiba. Bwana Wepukhulu aliniambia wanapenda rangi ile, akasema nimwambie kila mtu mpya, na mimi sikumwambia."

"Ulisahau?"

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea. Nilitamani kupita hapo.

"Sikusahau. Nilimwonea wivu."

Mama hakunipiga. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu, kisha akaingia ndani, akafunua bega la Elsie, na nikasikia anavuta pumzi. Alipotoka alikuwa tayari na mtoto mgongoni.

"Kimbia kwa Bwana Enos. Mwambie yote, usipunguze hata neno moja. Kimbia!"

Nilikimbia, na ile suruali ya bata ilikuwa nzuri kwa kukimbia. Pale zahanati nilisema yote, mbele ya watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi. Bwana Enos hakungoja nimalize kulia. Alichukua kisanduku chake cha vioo vya kupimia damu akaniuliza lori la wafyekaji liko wapi. Kwa bahati Bwana Wepukhulu alikuwa amerudi nalo asubuhi ile. Jua halijatua, Elsie alikuwa amelazwa juu ya magodoro ndani ya lori, Mama kando yake, wakielekea hospitali Kisumu.

Nilibaki na kazi za nyumbani na jirani mmoja mzee. Siku ya pili Mama alirudi.

"Wamemwona yule mdudu kwenye damu," alisema. "Ni malale. Daktari amesema bado haijapanda kichwani. Tungengoja wiki moja zaidi, sijui. Ameanza sindano."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mama aliniacha nimalize.

"Sasa utakwenda kumwambia Elsie mwenyewe," alisema. "Na baba yake. Mimi sitakusemea."

Kabla ya hapo kulikuwa na mtu mwingine wa kukabili. Jumatatu Bwana Wepukhulu alikusanya wafyekaji wote mtoni. Nilidhani atanitukana mbele yao, na nilikuwa tayari. Hakunitukana. Alitandaza kile kitambaa cheusi, akawaonyesha mbung'o wanavyotua, kisha akaniambia nisimame kando yake.

"Hii nguo ya Anyango, muiangalie vizuri," alisema. "Pana, nzito, nyeupe-nyeupe, imefungwa kila mahali. Nguo kama hii inalinda mtu mmoja. Lakini mimi nilimpa huyu mtoto neno la kulinda watu wote, akaliweka mfukoni. Na mimi pia nina kosa, nilitoa neno kubwa kwa mtoto mmoja nikaenda. Kutoka leo kila mtu atasikia kwa mdomo yangu, na kila mtu ataambia mwenzake."

Wanawake wawili waliokuwa na shuka za bluu nzito walizivua palepale, wakazifunga vifurushi na kuziweka mbali. Seline alinitazama kwa muda mrefu. Hakuna aliyelia kwak, na siku ile ningefurahi kama wangelia.

Jumamosi nilipanda basi na Mama hadi Kisumu. Elsie alikuwa amekaa kitandani, amekonda, macho makubwa. Baba Mdogo Walter alikuwa kwenye kiti kando yake, kofia juu ya goti. Nilisimama miguuni pa kitanda nikasema. Nilisema habari ya kitambaa cheusi, ya Seline, ya mwiba, na ya zahanati.

"Ndiyo maana ulikataa tubadilishane," alisema Elsie.

"Ndiyo."

"Ulijua lingekuwa hatari kwako wewe."

"Ndiyo."

Aligeukia ukuta. Nilisikia mtu anakohoa kitanda cha mbali, na Mama akimtuliza mtoto. Baba Mdogo aliizungusha kofia yake mara mbili, tatu.

"Sitasema si kitu," alisema hatimaye. "Ni kitu, Anyango. Ningemzika binti yangu bila kujua kwa nini. Lakini umesema kabla hatujachelewa, na umesema hapa mbele yangu, na hilo pia ni kitu." Akairudisha kofia juu ya goti. "Kila mtu huona wivu. Mimi karani, wenzangu wakipewa baiskeli mpya, usiku silali. Ubaya ni kuuficha. Ukifichwa unaanza kukutuma kazi zake, na wewe unatii. Kutoka leo, wivu ukikushika, useme kwa mdomo: naona wivu. Watu watakucheka, basi, yataisha hapo. Umenielewa, nyathina, mwanangu?"

"Nimeelewa, Baba Mdogo."

Nilifuta macho. Juu ya kabati dogo la kando ya kitanda kulikuwa na pakiti ya biskuti za sukari, kubwa, haijafunguliwa. Sisi kule Pap Onditi tuliziona biskuti kama zile Krismasi peke yake. Niliziangalia. Nilijaribu kutoziangalia.

"Baba Mdogo," nilisema, "naona wivu hata sasa. Elsie ana biskuti."

Mama alisema, "Anyango!" kwa aibu. Lakini kutoka kwenye mto, upande wa ukutani, ilitoka sauti kama ya kukwama, kisha mabega ya Elsie yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alipogeuka nikaona anacheka, anacheka na machozi yanamshuka, mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini.

Alinyoosha mkono, akaivuta ile pakiti na kuikumbatia kifuani.

"Leo sikupi hata moja," alisema. "Njoo Jumamosi ijayo."

Nilikwenda Jumamosi ile, na Jumamosi zote mpaka akatoka hospitali.